Wateja Wasionunua Kitu

Marahaba. Najua hamjaniamkia, lakini nimeitikia kabisa, maana vijana wa kazi hizi mna haraka, mnaingia kwenye mambo ya mtu hata jina hamjauliza. Mimi ni Mama Zena. Shule niliishia darasa la tatu, mengine nimejifunza kwa macho. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye nyumba moja pale Mwembesongo, mjini Morogoro, nyumba ya kukaa watu walioacha pombe juzijuzi, wale ambao hospitali imeshawaruhusu na nyumbani bado hawajakaribishwa. Siku hizi mnaiita soba. Sisi tuliiita Nyumba ya Mpito, na majirani walikuwa na jina lao, nitalifikia.

Mmeniomba niwaandikie kazi tuliifanyaje. Nitaandika, ila msinisukume.

Kwanza niseme nilivyoajiriwa, kabla hamjasikia kwa watu. Nilikuwa muuza pombe. Nilipika komoni na kuiuza kilabuni. Kwa asiyeijua, komoni ni pombe ya mahindi na kimea, nzito, inashibisha na kulewesha kwa mpigo mmoja. Halafu ikaja miaka ya ruksa, ya biashara huria. Viwanda vikafungwa, vikauzwa, wanaume wakapunguzwa kazini, na wateja wangu waliokuwa wakija jioni wakaanza kuja asubuhi. Ukimuuzia mtu pombe aliyetoka kazini, unalala usingizi wako vizuri. Ukimuuzia saa mbili asubuhi, mkewe kasimama mlangoni na mtoto mgongoni, usingizi unakuwa na mawe. Nikaacha. Sisemi nilipata utakatifu. Magoti nayo yalikuwa yamechoka kuinamia mapipa.

Wakati ule enjio, mashirika ya misaada, zilikuwa zinaota mjini kama uyoga. Moja ikatangaza inatafuta mlezi wa nyumba. Nikaenda. Karani akanijazia fomu, maana mimi herufi zangu huwa zinalala kifudifudi.

"Mama, hapa wanauliza uzoefu wa kushughulika na walevi."

"Miaka kumi na miwili," nikamjibu.

Akaandika. Hakuuliza nilikuwa nawashughulikia vipi, nami sikuona sababu ya kumchosha. Wenzangu wote walikuwa na vyeti vya ushauri nasaha na uzoefu wa wiki mbili. Nikaitwa mimi.

Mratibu wetu aliitwa Festo, kijana msomi, mpole, shati limenyooka, kalamu tatu mfukoni. Aligundua siku ya pili. Alikuwa anampokea mkazi wetu wa kwanza, akasema, "Na huyu ndiye mlezi wenu." Yule bwana akanikodolea macho, kisha uso ukachanua.

"Eh! Mama Zena! Kumbe umehamia huku? Haya, nipimie."

Festo alisubiri yule bwana apelekwe chumbani. Mwishowe akasema, "Mama, hili tusiliweke kwenye ripoti." Na hatukuliweka. Lakini nawaambia ninyi, hakuna aliyenificha kitu ndani ya nyumba ile. Chupa kwenye gunia la mkaa, nilijua. Chupa ndani ya tangi la choo, nilijua. Mtu anayependa ghafla kwenda kumsalimia shangazi yake Kilakala, nilimwuliza jina la shangazi, na kesho yake nikamwuliza tena.

Sasa sikilizeni jambo la kazi, maana hili hamtalipata kwenye semina. Mtu aliyeacha pombe hamsumbui usiku. Usiku amechoka. Kinachomsumbua ni saa kumi jioni. Hiyo ndiyo saa miguu inakumbuka njia ya kilabu. Mtu amekaa vizuri, anaongea vizuri, ikifika saa kumi anasimama, anakaa, anasimama, anatafuta kofia. Festo aliwapangia mazungumzo saa kumi. Alibandika karatasi kubwa ukutani, akaandika kwa kalamu za rangi: "Hisia zangu leo." Bwana mmoja akaulizwa hisia zake. Akasema, "Kiu." Kikao kikaishia hapo.

Mimi nikaleta mchele. Mchele wa Turiani, mtamu, ila siku zile ulikuja na mawe yake. Ikifika saa kumi nampa kila mtu ungo, anachambua. Macho yanashughulika, vidole vinashughulika, na kwa kuwa wameinama wote, wanaanza kusema mambo ambayo wasingesema mbele ya kalamu za rangi. Mmoja atasema alivyompiga mkewe. Mwingine atasema alivyouza bati za paa la mama yake wakati mama yuko ndani. Hakuna anayewatazama usoni. Wanauambia mchele.

Kuna wiki ukaja mchele safi, hauna hata jiwe. Wakamaliza robo saa, wakaanza kutafuta kofia. Tangu hapo niliweka mawe yangu kwenye kopo la mafuta ya kimbo, na mchele ukiwa safi nikawa nayarudisha. Mmoja aliwahi kuniambia, "Mama, jiwe hili nalifahamu. Jana nililitoa." Nikamwambia amsalimie. Festo alipogundua alikasirika, halafu akaenda semina, akarudi anasema kitu hicho kina jina, kinaitwa tiba kwa kazi. Kikaingia kwenye ripoti. Mawe hayakuingia.

Nifike kwenye lile jina la majirani. Festo alirudi kutoka semina nyingine, ile ya Bagamoyo, na neno jipya. Marufuku kusema mlevi. Marufuku kusema mgonjwa. Hawa, akasema, ni wateja.

"Wateja wa nini?" nikauliza.

"Wateja wetu, mama. Tunawapa huduma. Ni neno la heshima."

"Mwanangu, mimi nimekuwa na wateja miaka kumi na miwili, na ni hawahawa."

Hakunisikia. Ndivyo nchi ilivyokuwa miaka ile. Kila kitu kilikuwa kimeshapelekwa sokoni, hata mwenye kuacha kununua naye tukamwita mnunuzi. Festo akaagiza kibao cha nje. Fundi wa vibao alikuwa hodari wa kuandika maduka na saluni. Akaandika KARIBUNI WATEJA WETU, HUDUMA BORA, na pembeni akachora chupa kubwa, inang'aa, ina povu shingoni. Makubaliano yalikuwa chupa ipigwe mkasi mwekundu, ile alama ya kukataza. Rangi nyekundu ikamwishia. Akasema atarudi, akarudi baada ya wiki.

Wiki ile sitaisahau. Jumatatu walikuja wanaume wanne na chupa zao tupu. Jumanne akaja mama mmoja na ndoo, ana msiba, anataka ya jumla. Nikimwambia mtu hatuuzi, ananikonyeza: "Sawa, mama, naelewa, serikali. Tupitie mlango wa nyuma?" Mkasi ulipochorwa hatimaye, watu wakadhani tumefungiwa na manispaa, wakaja kutupa pole. Jina likabaki. Nyumba ya wateja. Na mnavyosikia vijana wanawaita wala unga mateja mtaani leo, msiniulize neno lilianzia wapi. Mimi nawaambia lilivyoanzia kwetu tu.

Tungecheka na kusahau, lakini neno lile nusura limpokonye mtu shamba.

Alikuwa anaitwa Deo, Deogratias, kijana wa milimani, juu kule Mgeta kwenye kabichi na njegere. Mkristo wa misheni, mkulima mzuri, akainywa gongo mpaka jembe likamshinda. Alikuwa ametimiza miezi minne kwetu bila kugusa kitu. Sasa, kwa Waluguru ardhi inafuata ukoo wa mama, na mjomba ndiye anayesema nani alime wapi. Mama yake Deo alikuwa amefariki, shamba limekaa, na kuna ndugu mwingine alikuwa analitolea macho. Kama Deo asingerudi kabla ya kupanda maharage, lingekwenda kwa yule. Na mtu aliyeacha pombe asiye na shamba la kurudia, vijana, huyo mmemfundisha kuogelea mkamrudisha mtoni na jiwe shingoni. Nilikuwa nimeshaona watatu wa namna hiyo. Mmoja nilimzika.

Siku moja mjomba akashuka mjini kuja kumtazama. Mzee Pius, mrefu, koti la mtumba la mikono mifupi, fimbo. Aliuliza Mwembesongo nzima nyumba wanayokaa walioacha pombe, hakuna aliyeijua. Mpaka mtu mmoja akasema, "Ahaa, unataka kwa wateja! Pale penye chupa." Akafika kwetu uso umeshafungwa.

Festo akampokea kwa furaha zote.

"Shikamoo mzee. Karibu sana. Deo ni mteja wetu wa miezi minne."

"Miezi minne," Mzee Pius akasema.

"Mteja mzuri kuliko wote! Tungepata kumi kama yeye, tungekuwa mbali."

"Anakuja kila siku?"

"Haondoki, mzee! Hata Jumapili yuko hapahapa."

"Na mnampa nini?"

"Huduma zote. Na tukimaliza naye, tunamfuatilia mpaka nyumbani."

Mzee Pius akachukua kofia yake akasimama. Ndipo nikatoka jikoni na sinia la chai, nikijua naokoa jahazi. Akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe nakujua," akasema. "Nilikuwa nikiteremsha kabichi sokoni, wewe unauza kilabuni. Kwa hiyo kilabu mmekijengea nyumba."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kila nilichokieleza kilizidi kuharibu. Nikisema hapa hatuuzi, anatazama kibao. Nikisema nimeacha, anamtazama Festo na kalamu zake tatu kama anamtazama mhasibu wa kilabu. Kilichotusaidia ni saa. Ilikuwa imefika saa kumi, na wanaume wakatoka mmoja mmoja na nyungo zao, Deo akiwa wa tatu. Alipomwona mjomba wake aliinama akamwamkia, mzee akaitikia kwa sauti ya mtu anayemwitikia mpita njia. Deo akakaa chini akaanza kuchambua.

Mzee Pius akapiga hatua kuelekea njiani, akageuka. Akakaa. Mwishowe akavuta ungo mmoja, akainama naye. Walichambua saa nzima, mjomba na mpwa, hawasemezani. Nilikuwa mlangoni, nikaona mzee haangalii mchele wake kabisa. Anaangalia vidole vya Deo. Mlevi hawezi kuokota jiwe dogo kwenye mchele, vidole vinamkimbia. Vya Deo vilikuwa vimetulia.

Alipoweka ungo chini akaniambia mimi, si Festo, "Nimeona. Aje Jumapili ya wiki ijayo. Wazee wamkabidhi shamba la mama yake."

Festo akafurahi. "Na sisi tutampa cheti, mzee!"

"Cheti atakipanda wapi?"

Halafu mzee akaongeza jambo ambalo ndilo lililoninyima raha wiki nzima. Shamba halikabidhiwi kwa maneno. Linakabidhiwa kwa kata, kile kibuyu cha kunywea. Mzee anamimina kidogo chini kwa waliotangulia, anakunywa, anampa anayekabidhiwa, naye anakunywa mbele ya wote. Na ndani ya kata kuna nini? Pombe. Asiyekunywa amekataa ukoo.

Festo alitaka tuandike barua. Mimi nikasema, "Mzee, kama ni kinywaji cha nafaka na kimea, kilichopikwa kwa mikono, lazima kiwe kimelewesha?"

Akafikiri. "Unataka kuleta togwa, isiyolewesha."

"Togwa na pombe ni dada wa tumbo moja. Mmoja ameolewa tu."

Alicheka kwa mara ya kwanza. "Lete. Lakini iwe togwa. Ikifika imeolewa, mimi simo."

Nikapika Jumamosi. Uji mwepesi wa mahindi, uache upoe mpaka kidole kivumilie, ndipo utie kimea cha ulezi. Togwa nzuri ni ya jana. Ya juzi inaanza kuchangamka. Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu asiyewahi kupika pombe asingeweza kulifanya. Nilihitaji chombo cha kupandishia mlimani, nikachukua dumu langu la zamani la kilabuni. Nililisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa maji ya moto, nikalianika. Linanukia sabuni. Nami, miaka yangu yote kumi na miwili, nikasahau kwamba dumu la pombe haliishiwi pombe. Imeingia kwenye plastiki. Wenzangu kilabuni wala hawakuwa wanatia chachu, dumu lenyewe lilitosha.

Tulipanda na lori la mboga linalorudi tupu. Tairi likapasuka njiani. Tukakaa juani, dumu katikati yetu, Deo akilifunika kwa koti lake kama mtoto mchanga.

Tukafika misa imeshatoka. Wazee sita wamekaa ukingoni mwa shamba, karibu na mfereji, wengine bado wana rozari mkononi. Asubuhi walikuwa wazee wa kanisa, mchana ni wazee wa ukoo, na hakuna aliyeona ajabu. Yule ndugu mwingine naye alikuwepo, amesimama kando.

Desturi ni mpishi aonje kwanza mbele ya watu, waone hakuna sumu. Nikafungua dumu. Likapumua. Fsss! Nikaonja, na ulimi ukaniambia palepale: imeolewa.

Vijana, nawaandikia ukweli. Nilinyamaza. Nilifuta mdomo na kanga nikampa Mzee Pius kata. Nilijiambia ni changa, ni kata moja, shamba ni la maisha. Maneno yaleyale ambayo kila mlevi aliwahi kuniambia, nikajiambia mwenyewe.

Mzee Pius akataja majina ya waliotangulia, akamimina kidogo. Akaweka mdomo, na sikuelewa uso wake. Akampa Deo.

Deo akaiinua kata mpaka kidevuni. Ikasimama hapo. Niliona tundu za pua yake zinafunguka.

"Mjomba," akasema, "hii imevuka."

"Imevuka nini?"

"Si togwa tena. Ni pombe. Changa, lakini pombe."

Mzee mmoja mfupi akacheka. "Changa? Wewe kunywa, itakomalia tumboni!"

"Sinywi, babu."

"Unawakataa wazee?"

"Siwakatai. Nawaambia mapema. Nikinywa hii mbele yenu leo, Jumatano mtanikuta nimelala njia panda, na jembe nimeshauza. Mnanijua."

Mzee Pius akanigeukia.

"Mama, wewe umeonja. Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Niliogopa atakosa shamba."

Akamgeukia Deo. "Na wewe hukuogopa?"

"Nimeogopa sana, mjomba. Itazame kata."

Kata ilikuwa inatetemeka mpaka pombe inamwagikia miguuni mwake.

Mzee Pius akaichukua. Akaimimina yote chini, taratibu, mpaka tone la mwisho. Kisha akaenda kwenye mfereji, akaisuuza, akaijaza maji.

Yule mzee mfupi akaruka. "Pius! Waliotangulia unawapa maji?"

"Wao wameshakunywa, kata nzima, tena bila ya mtu kuwagawia. Huyu ndiye nampa maji. Amesema kweli mbele ya ukoo akiwa na akili zake, mara ya kwanza tangu mama yake azikwe. Ulitaka anywe kwanza ndiyo atudanganye vizuri?"

Akanywa yeye, akampa Deo, Deo akanywa yakamtiririkia shingoni. Mzee akanyoosha fimbo: kutoka mgomba ule mpaka jiwe lile. Yule ndugu mwingine akatema mate pembeni akaondoka. Dumu langu wazee wakalikalia kikao, wakalimaliza, wakanisifu sana, na yule mfupi akaniuliza nitapanda tena lini.

Niliporudi mjini Festo alitaka nieleze mafanikio kwa mistari mitatu. Nikamwambia aandike mteja ameacha kununua. Hakuniandikia.

Lakini mimi mafanikio niliyajua asubuhi iliyofuata, kabla sijashuka mlimani. Nililala kwa mke wa Mzee Pius. Kulipokucha ukungu ulikuwa bado shambani, simwoni mtu, nasikia sauti tu. Ni Mzee Pius.

"Deo! Hilo ni tuta gani? Kaburi la panya? Mama yako angeona hili angekuchapa! Fukua, anza upya! Huna aibu?"

"Nimesikia, mjomba."

"Hujasikia! Ungesikia ungenyoosha!"

Mpaka jana yake, mzee alikuwa akimwongelesha mpwa wake kwa adabu, kama anavyoongeleshwa mgeni au maiti. Mtu uliyemkatia tamaa hufokei tuta lake. Nilisimama njiani na dumu langu tupu, nikasikiliza anavyofokewa mpaka jua likatoka.